Utangulizi wa Elimu ya Kufungua Bolti

Kitabu cha kiwanda kinaandika sentensi moja tu: fungua bolti mbili, toa stata. Kwenye gereji za Kiwira, wilayani Rungwe, kando ya barabara kuu itokayo Uyole kwenda Tukuyu na Kyela, sentensi hiyo inaweza kummalizia fundi na kijana wake mchana mzima. Bolti ya chini inaonekana, inafikika, inatoka. Ya juu iko nyuma ya bomba, waya zimepita mbele yake, injini imeibana ubavuni, na kichwa chake kimeliwa na kutu upande mmoja. Mwenye gari amesimama pembeni. Ana mikungu ya ndizi nyuma ya gari, na ndizi hazimsubiri mtu. Yatakayofanyika kati ya bolti ya kwanza na ya pili hayamo kitabuni. Hayo ndiyo yanayosomwa katika uwanja huu ninaokukaribisha.

Nauita elimu ya kufungua, na kwa sasa umetawanyika. Kipande kimoja kiko kwa wahandisi wanaosoma msuguano, joto na uimara wa chuma. Kingine kiko kwa wanahistoria na wanaanthropolojia wanaouliza Waafrika wamelifanyia nini gari tangu lilipowafikia. Kipande kikubwa kuliko vyote kiko mikononi mwa mafundi, hakijaandikwa, na hupotea kila mzee wa gereji anapostaafu. Anayetaka kuujua uwanja huu vizuri itambidi apite kote huko, na ashike spana.

Hoja nitakayoishikilia ni kwamba kufungua gari kuukuu ni elimu inayojitegemea. Watu wengi hudhani kufungua ni kufunga kulikogeuzwa: anza mwisho, rudi mwanzo. Lakini aliyelifunga gari alikuwa na nafasi ya kutosha, bolti safi na kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Anayelifungua miaka 25 baadaye amenyang'anywa vyote vitatu. Kiwanda hulijua gari likiwa jipya. Ujuzi wa gari lililozeeka, lililopigwa na mvua za Rungwe na kupandishwa milima kila siku likiwa na mzigo, uko kwa mtu mwingine kabisa.

Tuanze na swali la kwa nini bolti hujificha, kwa sababu mwanafunzi akilielewa hili hupunguza hasira. Gari hutengenezwa kwa mpangilio. Injini na giaboksi huunganishwa zikiwa nje, zote zimezungukwa na hewa, na mfanyakazi anazifikia bolti zote kwa mkono mmoja. Baada ya hapo, kwenye magari yenye chesesi, ndipo zinapoingizwa humo, bodi ikafuata, kisha waya, mabomba ya maji, eksozi, viti. Kila hatua inaifunika iliyotangulia. Kwa hiyo bolti isiyofikika leo ilikuwa wazi siku ilipokazwa. Mahali ilipo panakueleza ilifungwa lini katika mpangilio ule, na swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: ni kitu gani kililetwa baada yake kikaifunika, na je, nikikisogeza hicho kidogo, njia itapatikana?

Tazama kazi ya kubadilisha klachi kwenye Hiace ya kizazi kilichoanza mwaka 1989, ile yenye injini ya dizeli ya 3L chini ya viti vya mbele. Barabara ya Rungwe ni ya kupanda na kushuka, gari linajaza abiria, klachi inaungua. Ili kuifikia pleti lazima giaboksi litengane na injini, na bolti zinazozishikanisha zimepangwa kwa duara. Za chini na za ubavuni hazina shida. Mbili za juu kabisa ziko katikati ya injini na bodi, mahali ambapo kiganja hakipiti na jicho halioni. Fundi mgeni hulala chini, anapenyeza mkono kwa juu, anashika kichwa cha bolti kwa ncha za vidole, kisha anagundua kwamba spana haina pa kuzunguka. Anaweza kuhangaika hapo mpaka jioni, akachubuka vidole vyote, na bolti isisogee.

Mzoefu hazigusi kwanza. Anatoa propela shafti. Anaweka jeki na kipande cha mbao chini ya injini, kisha anafungua krosmemba, ile baa ya chuma inayobeba mkia wa giaboksi, na kuushusha mkia huo taratibu. Mkia ukishuka, injini nzima inainama kwa nyuma juu ya viegemeo vyake, na zile bolti za juu zinajitokeza zikiwa zimeelekea nyuma. Sasa hahitaji mkono kupita juu. Anaunganisha ekstensheni mbili au tatu ndefu, anaweka kiungo cha kupinda karibu na mwisho, anachomeka boksi namba 17, na fimbo hiyo anaipitisha juu ya mgongo wa giaboksi lote mpaka mbele. Kijana mmoja anaongoza boksi likae sawasawa kwenye kichwa. Mwingine, mita moja nyuma yake, anavuta racheti mahali penye nafasi tele. "Dogo, imekaa?" "Imekaa, fundi." Hapo ndipo nguvu inapowekwa, si kabla.

Katika kazi hiyo yapo mambo ambayo mtafiti anapaswa kuyaangalia kwa karibu. Kabla ya kushusha mkia, fundi anakwenda mbele kuangalia feni, kwa sababu injini ikiinama feni hupanda na inaweza kugonga kava ya rejeta. Anaangalia mabomba ya maji yasivutike. Anaangalia waya wa ardhi. Hakuna anayemwambia, macho yake yanafuata gari lote kwa mpangilio ambao amejifunza kwa kuharibu au kwa kumwona aliyeharibu. Kama ningetakiwa kuchagua tendo moja la kulifundisha darasani kuwakilisha uwanja huu wote, ningechagua hilo la kushusha mkia wa giaboksi. Bolti haikufuatwa ilipo. Gari limesogezwa mpaka bolti ikaja penye njia.

Baada ya njia, kuna kifaa, na hapa hesabu ndogo inasaidia sana. Nati ya pembe sita hurudi kwenye umbo lile lile kila inapozunguka digrii 60. Mdomo wa spana ya kawaida umepindishwa digrii 15 kutoka kwenye mpini wake, na upindo huo una sababu: ukiigeuza spana juu chini kila unapovuta, unaweza kuizungusha nati mahali penye nafasi ya digrii 30 tu. Spana ya ringi yenye kona 12 nayo inahitaji digrii 30. Ya kona 6 inahitaji 60, lakini inashika vizuri zaidi kichwa kilichoanza kuliwa. Racheti yenye meno 72 inaridhika na digrii 5. Kwa hiyo anapoingiza mkono gizani na kupima kwa kidole ni nafasi kiasi gani mpini utapata, fundi anafanya jiometri, na uchaguzi wake wa spana ni jibu la hesabu hiyo hata kama hajawahi kuiandika.

Namba za spana nazo zina historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi za bolti ziwe na pembe moja, digrii 55, na vipimo vinavyolingana nchi nzima. Mwaka 1864 William Sellers kule Marekani akapendekeza digrii 60. Mataifa hayo mawili yaliendelea kila moja na lake, na ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948, ndipo Marekani, Uingereza na Kanada zilipokubaliana kiwango kimoja cha inchi. Mwaka huo huo Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam. Ndiyo maana Land Rover kuukuu, ya misheni au ya shamba la chai, inaweza kuwa na bolti za familia mbili au tatu ndani ya gari moja: za Kiingereza za zamani, za inchi mpya, na kwa matoleo ya baadaye za milimita. Fundi anayekaribia bolti asiyoiona kwenye gari la namna hiyo hajui hata aanze na seti ipi ya spana. Anapapasa, anajaribu, anasikiliza kama boksi linacheza.

Magari ya Kijapani yalirahisisha maisha. Mwenye 10, 12, 14 na 17 anaweza kufungua sehemu kubwa sana ya Toyota. Bolti ya unene wa milimita 8 kwenye gari la Kijapani ina kichwa cha 12. Ya Kijerumani yenye unene ule ule ina kichwa cha 13. Tofauti hiyo ya milimita moja imeharibu vichwa vingi kwenye gereji zilizozoea Toyota, kwani 14 inakaa juu ya 13 kana kwamba inatosha, kisha ikivutwa kwa nguvu inateleza na kuzila pembe. Hali ni hiyo hiyo kwenye skrubu. Msalaba uliotokana na hataza za Henry Phillips wa Marekani za mwaka 1936 na msalaba wa Kijapani vinafanana kwa macho, ila vimechongwa tofauti ndani. Bisibisi ya nyota ya kawaida kwenye skrubu ya kabureta ya Kijapani hupanda na kutoka, na kila inapotoka inakula kidogo. Ile spana ya kurekebishwa, ambayo gereji zetu huiita spana malaya, ina sifa mbaya kwa sababu hiyo hiyo: haikai barabara popote. Mimi ningemshauri mwanafunzi aiache kabisa kwenye bolti yoyote asiyoweza kuiona.

Na kuna bolti zinazofunguka kinyume. Kwenye malori mengi ya Kijapani ya zamani, Fuso na Isuzu yakiwemo, nati za magurudumu ya upande wa kushoto hulegea kwa kuzungushwa upande ambao nati nyingine hukazwa. Nimeona vijana wakiruka juu ya paipu iliyochomekwa kwenye spana ya gurudumu, wakiikaza zaidi nati waliyotaka kuilegeza, mpaka stadi ikakatika. Herufi L huwa imegongwa kwenye ncha ya stadi. Brashi ya waya na nusu dakika ya kusafisha vingetosha.

Sasa tuje kwenye kutu, na hapa Rungwe ina la kuufundisha ulimwengu. Eneo la Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Kwa mwaka hupita milimita 2,000. Udongo wetu ni wa volkano, mzuri kwa migomba, chai na parachichi, na unashika unyevu kwa muda mrefu. Tope hilo likijaa juu ya chesesi na kuzunguka vichwa vya bolti, chuma hakikauki. Ongeza magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji: yanafika bandarini Dar es Salaam yamepakwa rangi vizuri juu, huku bolti za chini zimekwisha kuanza kuoza.

Kutu haimalizi chuma tu. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili na wakati mwingine zaidi sana, kutegemea aina yake. Ndani ya hesi hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu inavimba na kuibana bolti kwa kila upande. Panapokutana aluminiamu na chuma, maji yakiwa katikati, mambo huwa mabaya zaidi, maana metali mbili tofauti zikilowa hutengeneza umeme mdogo na ile dhaifu huliwa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, ikifungwa kwa bolti za chuma. Giaboksi nyingi ni za aluminiamu pia. Bolti inayotoka hapo huja na unga mweupe, na mara nyingine huja na hesi zenyewe.

Kwa nini basi nguvu peke yake haisaidii? Bolti inapokazwa, karibu tisa ya kumi ya nguvu yako humezwa na msuguano, chini ya kichwa na kwenye hesi. Kiasi kidogo tu ndicho kinachoivuta bolti na kuleta mkazo. Kutu inauongeza msuguano huo bila kuuongeza uimara wa bolti. Bolti ya milimita 8 ya daraja la 8.8 hukazwa kwa takriban niutoni-mita 25. Mtu akivuta kwa uzito wa kilo 20 kwenye spana ya sentimita 20, tayari ametoa karibu niutoni-mita 40. Hapo bolti imekaribia kukatika, na mtu huyo hajatoa jasho bado. Mwongezee paipu na ameikata bila kujua. Kwa bolti ndogo hatari iko upande wa wingi wa nguvu, na kwa bolti usiyoiona hatari ni kubwa zaidi, kwani hujui kama unachohisi kikilegea ni hesi zinazofunguka au shingo inayokatika. Wazee wa kazi wanatofautisha hayo mawili kwa mkono. Hesi zikiachia, kunakuwa na mlio mkavu wa ghafla, kisha uzito unaobaki ni ule ule. Shingo inapokatika, spana inakwenda laini, kama inayozama. Anayehisi ulaini huo anapaswa kuacha papo hapo, arudishe nyuma kidogo, atie mafuta.

Mbinu za kulegeza zinajulikana na sitazieleza zote. Kaza kidogo kabla ya kulegeza, ili kutu ipasuke upande mmoja. Gonga kichwa kwa nyundo, pigo moja moja, ili mtikisiko uvunje kutu ndani ya hesi. Tia mafuta ya kulegeza kutu jana yake, kwani yanahitaji muda kupenya. Asiye nayo hutumia dizeli au mafuta ya breki, na haya ya mwisho yasiguse rangi. Nenda mbele na nyuma, robo kwa robo. Kwa bolti iliyofichika nyundo haifiki, basi pigo hupelekwa kwa fimbo ndefu ya chuma iliyowekwa juu ya kichwa, mtu mmoja akiishika na mwingine akigonga.

Joto lenyewe linahitaji maneno zaidi. Chuma kikipashwa hutanuka. Nati ya milimita 12 ikipanda digrii 300 hutanuka kwa takriban sehemu nne za mia za milimita moja, kiasi kisichoonekana lakini kinachotosha kuivunja kutu. Sharti ni kuipasha nati na kuiacha bolti baridi; ukizipasha zote pamoja zinatanuka pamoja na hujapata kitu. Ikiwa ya moto, ukiigusisha mshumaa au nta ya nyuki, nta huyeyuka na kuvutwa ndani ya hesi yenyewe. Kwa stadi iliyokatika ndani ya silinda hedi, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati juu ya kisiki kilichobaki: joto la kuchomelea linaitikisa kutu, na nati inakupa kichwa kipya cha kushika. Inahitaji fundi mwenye mkono mtulivu. Wapo wengi kwenye ukanda huu.

Lakini joto pia limeua watu. Tangi la mafuta, bomba la dizeli, shokapu yenye gesi ndani, tairi, waya: vyote hivyo hukaa karibu na bolti zile zile ngumu. Betri lazima ikatwe kabla ya kuigusa stata, kwa kuwa spana ikiunganisha waya wake mnene na bodi, cheche yake inaweza kuwasha mafuta yaliyomwagika. Na bolti ya saspensheni au ya usukani iliyopashwa mpaka ikawa nyekundu imepoteza uimara wake; itupwe. Ninajua bei ya bolti mpya ya daraja la 10.9, na ninajua ugumu wa kuipata Kiwira bila kuagiza Mbeya. Itupwe tu. Gari hilo litashuka kwenda Kyela likiwa na watu. Vivyo hivyo kwa jeki: haijawahi kuwa kitu cha kulalia chini yake. Stendi za chuma, au magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana, ndiyo yanayobeba gari.

Turudi kwa watu, maana uwanja huu ni wao. Wanazuoni walichelewa kuwatazama mafundi. Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 juu ya ujuzi ambao mtu anao bila kuweza kuueleza kwa maneno. Jean Lave na Etienne Wenger, mwaka 1991, walionyesha jinsi mwanagenzi anavyoingia kwenye ujuzi kutoka pembeni, kwa kazi ndogo ndogo kwanza. Katika mifano yao walikuwamo mafundi cherehani wa Liberia. David Edgerton, katika The Shock of the Old, alidai kwamba historia ya teknolojia imeandikwa kana kwamba uvumbuzi ndio kila kitu, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya mashine ni matumizi na matengenezo. Kurt Beck wa Ujerumani aliandika juu ya mafundi wa Sudani waliolijenga upya lori la Bedford mpaka likawa la kwao. Kwetu Tanzania, Joshua Grace alichapisha African Motors mwaka 2021, na humo gereji za Dar es Salaam zinaonekana kama mahali ambapo gari liliundwa upya na Watanzania wenyewe. Nawashauri wanafunzi waanze na Grace, kisha warudi kwa wengine.

Kwenye vitabu hivyo gereji ya mji mkubwa imepata nafasi yake. Gereji ya mji mdogo wa barabarani bado inasubiri. Kiwira ina sababu zake za kutazamwa. Mazao ya Rungwe mengi hayavumilii kusubiri: ndizi, maziwa, parachichi, majani mabichi ya chai ambayo lazima yafike kiwandani siku yake. Gari likifa, mzigo unaharibika siku hiyo hiyo, na duka kubwa la spea liko Mbeya. Mazingira hayo yamelea namna fulani ya fikra. Fundi hawezi kusema tuagize kifaa maalumu. Lazima akitengeneze sasa hivi, kwa alichonacho.

Hapo ndipo panapopatikana hazina ambayo mimi ningetaka iwe kiini cha utafiti wetu: spana zilizokunjwa. Ingia gereji yoyote ya miaka mingi, uliza wanakoziweka. Utaonyeshwa ndoo au boksi la chuma lenye spana zilizokatwa mpini, zilizopashwa na kukunjwa mithili ya herufi S, zilizosagwa kwa grainda mpaka zikawa nyembamba kama kisu, boksi lililochomelewa juu ya nondo, bisibisi iliyopinda pembe mraba. Kila moja ilizaliwa na bolti moja. Hii ni ya stadi ya nyuma ya manifoldi, ile ni ya nati ya chini ya stata, nyingine ni ya nipo ya kutolea upepo wa breki iliyoko nyuma ya springi. Toyota yenyewe ina orodha yake rasmi ya vifaa maalumu vya matengenezo, vyenye namba zinazoanzia na 09, na ukikilinganisha kile cha kiwandani na kile cha ndoo utakuta mara nyingi wamefika kwenye umbo linalokaribiana. Kimoja kina mchoro, namba na bei. Kingine hakina jina.

Wapo watakaosema ujuzi huu unarasimishwa tayari. Ni kweli kwamba VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na hilo ni jambo jema sana. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, hakiko mbali na barabara hii. Cheti kinamthibitisha mtu. Hakituambii aliifunguaje bolti ile. Ningependa kuona mwanafunzi wa uhandisi kutoka Mbeya akikaa msimu mmoja wa mvua Kiwira, akiwa na daftari, kipimo na kamera, akijifunza kwa wale ambao hawakuwahi kumfundisha mtu kwa ubao.

Atajifunza pia juu ya vidole. Mahali jicho halifiki, ncha ya kidole inahesabu pembe za nati, inatambua washa iliyopasuka, inajua kama hesi zimeanza kushikana sawa au zimepishana. Wakati wa kurudisha, nati hubandikwa ndani ya boksi kwa grisi au kipande cha karatasi isidondoke, na kila tundu ambalo inaweza kutumbukia huzibwa kwa tambara. Bolti ikianzwa kwa mkono mizunguko mitatu bila kukataa, imekaa. Ikikataa, hailazimishwi. Vijana wenye mikono myembamba hupewa kazi hizo, na hujifunza gari kwa kuligusa kabla ya kuliona. Ningeongeza hapa jambo la malipo: mapatano ya gereji zetu ni ya kazi nzima, si ya saa, na mwenye gari hupima bei kwa ukubwa wa kifaa kilichobadilishwa. Saa nne za kuitafuta njia ya bolti moja hazionekani kwenye mapatano hayo. Hilo ni kosa, na linawaumiza walio hodari zaidi.

Maswali yaliyobaki wazi ni mengi. Magari madogo ya siku hizi yameweka injini kwa kukingama, kwa hiyo njia zinapita kwenye tundu la gurudumu au kutokea chini, na mbinu ya kushusha mkia haina kazi tena. Bolti za silinda hedi za injini nyingi mpya huvutwa mpaka zikatanuka moja kwa moja na hazipaswi kurudishwa. Klipu za plastiki zimechukua nafasi ya skrubu na huvunjika zikizeeka. Haiburidi zimeanza kupanda huku, zikiwa na waya za rangi ya machungwa zenye umeme wa kuua, na bolti zilizo karibu na waya hizo hazina mbinu ya gereji iliyokomaa bado.

Anayetaka kuanza, aanze na ndoo ya spana zilizokunjwa. Chukua moja, ipime, ichore kwa pande zote. Andika ni ya gari gani, injini gani, bolti ipi, unene na daraja la bolti hiyo, na kitu gani kiliiziba. Uliza nini kilijaribiwa kabla yake kikashindikana, maana majaribio yaliyoshindwa ndiyo husahaulika kwanza. Uliza ilipashwa kwa gesi au kwa mkaa, na kama iliwahi kukatika. Kisha, kama mwenyewe ameridhia, andika jina la aliyeikunja na mwaka, juu ya mchoro, pale ambapo kiwanda kingeweka namba yake.